Mwaka Niliokula Peke Yangu

Jumamosi, tarehe 6 Julai. Ukungu ulikaa mashambani hadi karibu saa tano, kisha likatoka jua dogo lisilo na joto, na mchana manyunyu yakarudi. Juzi tumemzika Mama mkubwa Generosa. Nimebaki hapa nyumbani kwake, milimani juu ya Mbinga, kwa sababu wenzangu, watoto wake, wameniomba nisaidie kupokea wageni wa msiba, na pia, niseme kweli, kwa sababu sikujua niende wapi nikakae na mawazo haya. Nina desturi ya kuandika kidogo kila siku tangu nilipomaliza darasa la saba, ili mwandiko usinipotee. Leo sitaandika ya leo. Nitaandika ya mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda huku na magari yao, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, mnene kuliko watoto wote wa shule yetu, na ngozi yangu ikibanduka. Nitajitahidi nisimwonee marehemu, maana hawezi kunijibu tena. Pengine nakumbuka vibaya. Mtu aliyekuwa na uchungu hukumbuka kwa upande wake.

Habari za ukoo naziacha. Itoshe kusema kwamba mama yangu alikuwa mdogo wake Generosa, na alifariki mwaka uliotangulia, amekonda mpaka pete ya ndoa ikawa inazungushiwa uzi ili isidondoke. Kijiji kizima kilimwona akikonda. Watu walikuja, wakakaa, wakatazama mikono yake, wakaondoka wakinong'ona juu ya ugonjwa wa siku hizi. Kama ndio, kama sio, sijui hadi leo, kwa kuwa hakuna aliyempima. Mama mkubwa alinichukua siku ileile ya kuanua matanga, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kunikalisha jikoni kwake na kunipa chai ya maziwa yenye sukari nyingi na mkate uliopakwa siagi ya kopo, kitu ambacho kwetu tulikuwa hatujakizoea. Kahawa ilinunuliwa vizuri msimu ule. Dukani kulikuwa na vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivisikia tu: biskuti za pakiti, soda, mafuta ya kula yasiyo na foleni. Watoto wake nao walipata, siwezi kusema alibagua. Lakini mimi nilipata kabla yao, na nilipata tena baada yao. Wageni walipofika aliniita nisimame mlangoni, wanione. "Shikamooni," nasema. "Marahaba. Eh, Generosa! Mtoto amenawiri!" Naye anacheka cheko la mtu aliyetua mzigo. Mashavu yangu yalikuwa jibu lake kwa watu wote waliowahi kuitazama mikono ya mdogo wake.

Nilikuwa nalala katika chumba cha kahawa, kilichopakana na jiko. Upande mmoja magunia yalipangwa hadi karibu na dari, na harufu yake, ile harufu kavu yenye uchachu kwa mbali, iliingia hadi kwenye shuka. Humo ndimo nilimoona mabaka kwa mara ya kwanza, kwenye viwiko, nikadhani ni ukurutu wa baridi. Nikapaka mafuta. Yakahamia magotini, kisha kichwani, kisha mahali ambapo nyama za tumbo zinakunjana, na huko hayakuwa makavu, yalikuwa mekundu na yanachoma nikitokwa jasho. Yale ya viwikoni yalikuwa na magamba meupe membamba, na asubuhi niliyakung'uta kitandani. Anayeijua kahawa yetu anajua lile ganda jepesi linalobaki juu ya punje iliyokaushwa, ambalo ukilisugua linapeperuka. Ndivyo yalivyokuwa. Wanafunzi wenzangu walikuwa watoto wa kahawa wote, hawakuhitaji kufundishwa. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa siitwi Imelda tena, naitwa Maganda.

Kupitia ukuta wa chumba kile ndipo niliposikia maneno ambayo yalipanga mwaka wangu wote uliofuata. Ilikuwa alasiri, jirani yetu Mama Skola amekuja kusaidia kuchambua maharage, nami nilikuwa nimejilaza kwa sababu magoti yalikuwa yanavuta.

"Generosa," alisema, "yule mtoto mnakula naye chombo kimoja?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Mimi sisemi kitu. Ila ile mikono. Na mama yake tulimwona."

"Mama yake alikonda. Huyu amekonda wapi?"

"Ndiyo maana nasema mshukuru Mungu. Angekuwa mwembamba na ngozi ile, nani angekanyaga hapa?"

Nikasikia maharage yakianguka kwenye ungo. Kisha Mama mkubwa akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea, "Hatakonda. Mimi nipo."

Jioni ile niliposogea kwenye chombo pamoja na wenzangu, nilikuta nimewekewa sahani yangu, ya bati, yenye ukingo wa bluu, pembeni, karibu na kuni. Asiyekuwa wa huku anaweza kuona ni jambo dogo, tena la heshima, mtoto kuwa na sahani yake. Kwetu Umatengo kula pamoja si habari ya njaa tu. Wazee walikuwa na sengu yao, mahali pa ukoo mzima kukutana kwenye chakula, na humo ndimo watu walimoshauriana, walimosuluhishwa na kufunzwa adabu. Wakati wangu sengu ilikuwa imeshafifia, kila nyumba ikipika na kula kivyake, lakini desturi ya chombo kimoja ilibaki jikoni kwa wanawake na watoto. Mtu aliyekosana na wenzake alijulikana kwa kula pembeni. Na kuna jambo jingine, ambalo nimelifikiria nikiwa mtu mzima: chombo cha wengi kina breki zake. Mkono wa Oswini, mtoto wa Mama mkubwa aliyenizidi miaka miwili, ulikuwa mwepesi kama wa kunguru, na ukizubaa mboga imekwisha. Hakuna anayenenepa kwenye chombo cha Oswini. Sahani yangu haikuwa na mpinzani. Ilijazwa mpaka ugali ukawa na kilele, nyama ikawekwa juu, na nikisita sauti ilitoka upande wa pili wa moto, "Maliza, mama. Usiniaibishe." Nilimaliza. Nilikuwa namaliza na huku nawasikia wenzangu wakigombania ukoko na kucheka, nami natafuna. Kadiri nilivyonenepa, mabaka yalienea, na kadiri yalivyoenea, sahani ilijaa zaidi, kwa kuwa sasa kulikuwa na mengi zaidi ya kufidia.

Sitaki mtu afikiri alinichukia. Alinipaka mafuta ya nyonyo kwa mikono yake mwenyewe kila asubuhi, pale nje kwenye jua, mbele ya yeyote aliyepita. Mikono ileile iliyoogopa kuchovya nami katika bakuli moja ilinisugua mgongo. Nimejaribu miaka yote kuviweka vitu hivi viwili pamoja, na sijaweza vizuri.

Mnunuzi mmoja binafsi alikuwa ametundika mizani yake kwenye mti karibu na kituo cha kupokelea kahawa, na jioni vijana walikusanyika pale kutazama magari. Siku moja nilitumwa kumwita Baba mkubwa Kasian, mume wa Mama mkubwa. Oswini akaniona, na kwa kuwa alikuwa na hadhira, akapaza sauti. "Jamani, kuna gunia moja limesahaulika!" Wakanivuta mkono, wakanining'iniza kwenye ndoana kwa kanga niliyokuwa nimejifunga kiunoni, nusu kwa mchezo. Karani wa mizani akachungulia mshale, akasema bila hata kucheka, kama mtu wa kazi, "Hili la maganda. Likikobolewa litapungua." Watu wazima nao walicheka. Kanga ilikuwa imekaza palepale kwenye mabaka ya tumbo, na niliposhushwa ilikuwa na damu. Oswini aliiona, akaacha kucheka. Nimtendee haki: juma lilelile alimpiga ngumi kijana mwingine kwa kuniita Maganda, akachapwa shuleni, wala hakusema sababu.

Baba mkubwa alikuwa mtu wa maneno machache, na sahani yangu alikuwa hajaiingilia kwa sababu mambo ya jiko hayakuwa yake. Lakini ile damu aliiona. Kesho yake tulishuka hospitali mjini sote watatu, yeye, Mama mkubwa na mimi. Tulipokelewa na Sista aliyekuwa daktari, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa plasta, akanitazama kichwa, kucha, tumbo, kila mahali, na alinishika kwa vidole vitupu bila kuvifuta baadaye. Nilimtazama kama atavifuta. Alisema jina la ugonjwa, soriasisi, akalirudia ili Baba mkubwa alishike.

"Si ukoma. Si ule ugonjwa mnaouogopa. Hauambukizi. Alale na wenzake, ale na wenzake."

"Dawa?" aliuliza Mama mkubwa.

"Dawa ya kupaka nitawapa. Haitaumaliza, huu huja na kuondoka. Lakini mama, huu unene nao unauchochea. Mwili wenye mafuta mengi hivi ni kama una moto mdogo unaowaka ndani wakati wote, na ngozi ya namna hii haiutaki moto huo. Na hapa kwenye mikunjo panasuguana, panalowa. Mpunguzeni taratibu. Soda, sukari, siagi."

Mama mkubwa alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. "Sista, nimpunguze mtoto wa marehemu?"

"Kwa afya yake."

"Akipungua, unajua kule watasema nini?"

Sista alishusha miwani yake. Nadhani alijua, wodi yake ilikuwa imejaa watu waliopungua. "Najua," alisema. "Lakini nakwambia kilicho kweli juu ya ngozi yake."

Tulirudi nyumbani siku ileile. Jioni sahani yangu ilikuwa palepale, imejaa kama jana. Baba mkubwa akaitazama, akaweka kikombe chake chini, akasema, "Imelda ataenda kwa Felista." Felista alikuwa dada yake, ameolewa Mbaha, ziwani, kwa watu wa Anglikana, dhehebu lisilo letu, jambo ambalo lilikuwa limeleta maneno zamani na sasa lilikuwa limesahaulika. Mama mkubwa hakubishana naye mbele yetu. Lakini alinifungia maandazi ya kutosha lori zima.

Shangazi Felista alikuwa mwembamba, mweusi wa jua, na alikuwa akianika usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, juu ya chanja nilipofika. Nikamsalimu, "Shikamoo Shangazi." Akaitikia huku akinikagua kutoka juu hadi chini bila kificho. "Hicho kinaambukiza?" Nikamwambia Sista amesema hapana. "Basi nawa mikono tule, ugali unapoa." Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Nikakaa kwenye mkeka na watoto wake, ugali wa muhogo katikati, na nilipopeleka mkono kwenye bakuli tonge likadondoka kwenye mchuzi. Mtoto mmoja akaanza, "Mama, huyu ana magamba kama samaki." Shangazi akasema, "Basi msimkaange," wakacheka, nami nikacheka, na nikakumbuka kwamba nilikuwa sijacheka na chakula mdomoni kwa muda mrefu. Si kwamba ziwani walikuwa malaika. Mama mmoja alihamisha mahali pake pa kufulia aliponiona nikioga, na alinitazama vile hadi nilipoondoka. Shangazi aliona, na hakugombana naye. "Ziwa ni kubwa," alisema tu.

Kule hapakuwa na siagi, na sukari ilikuwa ya Jumapili. Tulikula samaki wa kuchemsha, muhogo, majani ya maboga, na mikono ilikuwa mingi kwenye chombo. Nilipanda na wenzangu kwenye mashamba ya mihogo, nilichota maji, nilikaa ndani ya ziwa hadi vidole vikunjamane, kisha nikajianika juani kama usipa. Nilipoteza muhula mzima wa shule. Gauni likalegea kwanza mabegani, kisha kiunoni, nikalifunga kwa kamba. Mabaka ya tumboni yakakauka, ya magotini yakafifia, na siku moja nilipopapasa kiwiko nilikuta ngozi laini, nikaenda kumwonyesha Shangazi mbio kama mtu aliyeokota hela. Sijui ni jua, ni maji, ni kupungua, au ni kutotazamwa. Daktari ninayemwona siku hizi anasema vyote huweza kusaidia, na kwamba kwa watoto unene mara nyingi hutangulia na ngozi hufuata, ila si kwa kila mtoto. Nami naandika hivyohivyo alivyosema, nisiongeze.

Nilirudi msimu wa kuchuma kahawa. Lori lilinishusha barabarani nikapanda kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nimekunja mikono ya gauni ili viwiko vionekane. Nilimwona Mama mkubwa kabla hajaniona, yuko katikati ya mibuni na kikapu chake. Nikaita. Akageuka, akatabasamu, kisha tabasamu likatoka usoni kama limefutwa kwa mkono. Kikapu kilianguka, buni nyekundu zikabiringika mtaroni. Akashika kichwa. "Wamemfanya nini! Felista amemfanya nini mtoto wangu!" Nikanyoosha mikono. "Mama mkubwa, tazama, yamekwisha. Tazama viwiko." Hakutazama viwiko. Alinishika hapa, kwenye vifundo vya mikono, akazungusha vidole vyake kuvipima, akaanza kulia kilio kile alichomlilia mama yangu. Watu walitoka mashambani. Mama Skola alikuja, akasimama mbali kidogo, nami nikaona macho yake yalipokwenda. Nilikuwa nimepona, na hapo ndipo kijiji kilipoanza kuniogopa.

Jioni nilienda moja kwa moja kwenye chombo cha wenzangu. Sikungoja kuitwa. Oswini, ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kukatika, alinitazama viwiko, akasogeza goti lake, nikapata nafasi ya kukaa. Nilikata tonge moja, nikalichovya, nikala. Lilikuwa ugali na maharage, na nikisema lilikuwa tamu sitaeleweka. Nilipopeleka mkono mara ya pili Mama mkubwa alikuwa amesimama juu yangu. "Toka hapo. Chakula chako kipo." Kando ya kuni palikuwa na sahani yangu, na ndani yake wali wa mafuta na paja zima la kuku aliyemchinja kwa ajili yangu.

"Mama mkubwa, naruhusiwa kula nao. Sista alisema."

"Sista hakumzika mdogo wangu."

Nilikwenda. Hakunipiga wala hakunikaripia zaidi ya hapo. Aliketi karibu nami, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akinitazama natafuna mpaka mwisho, machozi yakimtoka taratibu, na mimi nilikula kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kumnyamazisha. Mvua zilipoanza nilikuwa nimerudia unene wangu, na mabaka yalikuwa yamerudi viwikoni. Ni haki niseme kwamba huenda yangerudi hata ningebaki Mbaha. Sista alikuwa ametuonya kwamba huja na kuondoka. Watu walianza tena kuja nyumbani. Mama Skola aliniita mnene wangu, mzuri wangu, akanibana shavu.

Mwezi uliopita, Mama mkubwa akiwa bado anaongea vizuri, nilikuwa namkanda miguu hapo uani nikamuuliza. Sikutaka kufa na swali, wala sikutaka yeye afe nalo. Nilimuuliza kama ile sahani ilikuwa kwa sababu ya kuniogopa au kwa sababu ya kuogopa nisife. "Ngozi yako niliiogopa," alisema. "Sikufichi. Nilikuwa na watoto wangu." Kisha akasema, "Lakini ulipotoka kule ziwani ulikuwa yeye. Ulikuwa yeye, Imelda, unapanda kilima." Akanipa mguu mwingine. Nikaendelea kukanda. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu moja, lolote kati ya yale mawili, na alinipa yote, na hadi nyota zinatoka jana nilikuwa bado nayageuza. Mwili huu alionijengea ninao. Kila kiangazi naupunguza kidogo, na kila masika unanirudia pamoja na mabaka yake. Sijui kuushukuru wala kuulaumu.

Leo jioni mke wa Oswini ndiye aliyepika. Kwa mazoea alikuwa ameinjika na uji mwepesi wa ulezi, ule wa marehemu, akakumbuka wakati ameshauepua. Tulikaa tukiutazama. Hakuna aliyetaka kuumwaga, kwa hiyo tuliunywa, kila mmoja kidogo, kisha tukala ugali wa mahindi, maharage na kabichi.